Kusimama Mbele ya Mkono

Mkurugenzi Nyalusi alipotangaza kwamba mume wangu ndiye aliyesababisha ajali ya Mlima Nyelele, mimi nilikuwa nimekaa kiti cha mbele, nimevaa sare ya idara yake. Hakunitazama. Alisema maneno yake kwa ile sauti ya mtu anayehuzunika kwa niaba ya Serikali, akafika mwisho, akanywa maji, akaketi. Nyuma yangu walikaa ndugu wa wale wanawake wawili waliokufa pamoja na Lugano wangu, na nilisikia mmoja wao, shemeji wa marehemu mmoja, akitema mate sakafuni. Nilijua mate yale yalimlenga nani.

Maelezo yake yalikuwa mafupi. Pikapu ya Lugano iliharibika kwenye kona, ukungu ukiwa mzito. Lugano hakuweka kinara cha onyo barabarani. Lori la mizigo lililokuwa likishuka halikupata onyo, likamkuta yuko chini ya gari lake, likamsaga yeye na abiria wake wawili waliokuwa wamesimama kando wakisubiri. Ama yale matawi ambayo mashahidi walidai kuyaona, Mkurugenzi alisema yaliwekwa na wapita njia baada ya ajali kutokea.

"Mikono yote inayoendesha malori ya mkoa huu inasoma matawi," alisema. "Lori lingeyaona, lingepunguza mwendo. Halikupunguza, maana yake hayakuwepo."

Sentensi hiyo ndiyo niliyotoka nayo ukumbini. Wengine walitoka na huzuni, mimi nilitoka na sentensi.

Hapa Ilundo hakuna anayehitaji kuelezwa habari za matawi. Gari likikufia njiani, unakata matawi unayatandaza barabarani, mbali kidogo na gari, upande ule magari yanakotokea, ili anayekuja ajue mbele kuna tatizo. Wazee wetu waliendesha hivyo kabla sheria haijaleta vinara, vile vidude vya taa vinavyozungumza na magari kwa mawimbi. Kinara cha Lugano kilitumia betri ya pikapu, na betri ndiyo iliyokuwa imekufa. Kwa hiyo alifanya alichofundishwa na baba yake. Ninajua kwa sababu nilifika pale miili haijaondolewa. Nilikuta matawi ya mkaratusi kabla ya kona, utomvu wake bado unanata, yamesagwa yakalala kwenye lami, na alama za tairi za lori zimepita juu yake moja kwa moja bila kupinda. Matawi yaliyowekwa baada ya ajali hayawezi kukanyagwa na lori lililosababisha ajali hiyo. Lakini watu wa barabara walifagia kabla ya adhuhuri, na mimi nilikuwa nimempakata mume wangu, sikukumbuka kupiga picha.

*

Siku hizi idara yetu haikagui breki na taa tu. Tunakagua mikono. Malori, mabasi na magari ya wagonjwa hayana dereva. Yana mkono, yaani uendeshaji wa mtu mmoja hodari, ulionaswa kwa miaka huku amevaa kofia ya nyaya kichwani. Ndani yake mna macho yake, mazoea yake na woga wake. Mkono unaoendesha Nyelele ulitoka kwa marehemu Mzee Ambokile, aliyepanda na kushuka mlima ule mpaka mvi zikamjaa. Mzee huyo akiona mbuzi mmoja anavuka, alisubiri wa pili, na mpaka leo malori yetu yanasubiri mbuzi wa pili. Akiona matawi, mguu ulitoka kwenye mafuta kabla hajafikiri.

Idara ilipoanza, wananchi hawakutaka hata kusikia habari za gari lisilo na mtu. Mkurugenzi wa kwanza, Mungu amrehemu, akaweka utaratibu uliowafunga watu midomo: anayepitisha mkono husimama mbele yake. Katika uwanja wetu kuna mlima mdogo wa kutengenezwa tunaouita Mteremko. Barabara yake inashuka kwa kasi, inapinda nyuma ya tuta refu la udongo, halafu inanyooka. Onyo linawekwa kabla ya kona. Wewe unasimama baada ya kona, juu ya mstari mweupe, mikono nyuma, na gari linaachiwa kutoka juu. Ukiona pua yake inatokeza nyuma ya tuta polepole, umepona. Unasimama mara mbili, mara ya kwanza gari likiwa tupu, mara ya pili likiwa na mzigo. Mkaguzi mkuu anakaa mnarani na kitufe cha kukata, iwapo mambo yataharibika. Mimi nimewahi kusimama mbele ya mikono mingi, ukiwemo huo wa Mzee Ambokile, na sikuwahi kukimbia.

Nyalusi alipoingia madarakani alisema kusimama ni ushamba. Hakuufuta utaratibu, maana wananchi wangemla mbichi, ila aliamua kwamba mkono ukishapita mara moja, marekebisho madogo hayahitaji mtu kusimama tena. Kusimama kungebaki kwa mkono unaopewa kazi mpya tu.

Baada ya mazishi nilichukua lori lenye mkono ule nikalipeleka Mteremko, siku ya mapumziko, peke yangu. Nilikata mkaratusi, nikatandaza, nikaweka sanamu kwenye mstari. Lori lilipita juu ya matawi utadhani lami tupu, likapinda kona kwa kasi ileile, likairusha sanamu mpaka kwenye uzio. Nilirudia. Likarudia. Nilikaa chini kwenye nyasi nikalia kwa sauti, kisha nikaenda kumwona Mkurugenzi.

Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo sitamnyima. Kisha akaniambia nimefanya jaribio bila shahidi, na kwamba mjane wa mtuhumiwa si mtu wa kuachiwa ubongo wa lori akiwa peke yake. Alisema pole mara nyingi. Akanishauri nichukue likizo niende nikapumzike kwa wazazi.

"Na sanamu si jaribio, Mama Sekela," alimalizia. "Wewe mwenyewe unawafundisha vijana hivyo. Kinachohesabika ni kusimama."

*

Mikono ya idara inashikwa na fundi mmoja tu, Obedi. Nilimfuata kwake, nikamkuta anamwagilia mchicha. Nilimuuliza swali moja, na akaacha bomba limwage maji palepale.

Alinieleza kwamba kila upepo ukivuma kwenye misitu ya mikaratusi, matawi yanaanguka barabarani, na malori yalikuwa yakipunguza mwendo kwa kila tawi. Wenye mizigo wakalalamika. Mkurugenzi akamwagiza aondoe kule kusitasita. Obedi alipofungua mkono, akakuta kusitasita kwenyewe ndiko kule kusoma matawi, akakata. Niliuliza kama alimwambia Mkurugenzi kinachokatwa ni nini.

"Nilimwambia, dada. Tulikuwa koridoni pale juu, nikamwambia ni matawi. Akasema sawa, endelea."

Nilimwomba aje aseme hivyo mbele ya watu. Aliokota bomba lake, akaanza tena kumwagilia mchicha uliokwisha kulowa. Haukupita muda nikasikia ameomba uhamisho, amepata, ameondoka mkoani na familia yake. Sikumlaumu sana. Hasira yangu ilikuwa na mtu wake tayari, na sikutaka kuigawa.

Nilichokipata kwa Obedi kilinitosha. Nyalusi alijua. Alijua lori halisomi matawi, na akasimama ukumbini mbele ya mama mkwe wangu akamwambia mwanaye ni muuaji. Mama mkwe alikuwa na meza ya vitunguu sokoni. Wenzake hawakumtukana, ila walisogeza meza zao mbali na yake, kidogo kidogo, mpaka akabaki peke yake kama mgonjwa wa kuambukiza. Ndugu wa wale marehemu walikuwa wakipita mbele yake bila salamu. Jioni moja aliniuliza, akiwa anachambua mboga, macho kwenye ungo.

"Mwanangu, mimi sitakasirika. Niambie tu. Lugano aliweka matawi?"

Nilimwambia aliweka. Alitikisa kichwa kukubali, lakini niliona hajui amwamini nani, mimi au Serikali. Usiku ule sikulala, na machozi hayakuja. Nilikuwa nimeshaanza kazi.

*

Nafasi ilikuja yenyewe. Shule za ng'ambo ya Nyelele ziliomba mabasi ya wanafunzi, na mabasi hayo yangetumia mkono uleule. Hiyo ni kazi mpya, kwa hiyo mkono ulitakiwa upitishwe upya, na wa kwanza kutoa kibali ni mkaguzi mkuu, yaani mimi.

Nilikataa. Nilikataa kwa heshima zote, kikaoni, mbele ya wakuu wa vitengo. Nyalusi alikuwa ameshawaahidi wazazi na ameshamwahidi mkuu wa mkoa. Sheria yetu inamruhusu mkurugenzi kupitisha mkono uliokataliwa na mkaguzi wake, na kila aliyekuwa kwenye kile kikao aliijua sehemu ya pili ya sheria hiyo: anayepitisha ndiye anayesimama.

Nilimwambia kwa sauti ya chini kwamba mimi ni mjane, nimeingiwa woga, na mkoa hauwezi kusubiri woga wangu uishe. Labda Mkurugenzi mwenyewe, ambaye hana wasiwasi, atusaidie kusimama. Watu walicheka kidogo. Yeye alicheka zaidi ya wote, maana alikuwa mtu wa kupenda kuonekana, na alishaona picha yake magazetini akiwa wima mbele ya basi la watoto. Alikubali palepale. Niliomba jambo moja tu: onyo liwe matawi, si kinara, kwa kuwa wazazi wa huko wanayajua matawi na wangefurahi.

"Wewe weka hata msitu mzima," alisema.

Sasa niseme wazi nilichokusudia, nisije nikaonekana mtakatifu. Nilikusudia afe. Kitufe cha mnarani ni cha zamani, kimewahi kukwama na kila mtu anajua. Ningekaa na kidole juu yake, nisikibonyeze, kisha ningepiga kelele pamoja na wengine. Nyalusi angekufa kama Lugano alivyokufa, na kifo chake kingewaonyesha watu kwamba mkono hausomi matawi. Lugano angesafishwa na mdeni wangu angelipa, vyote kwa pigo moja. Nililifikiria jambo hili nikiosha vyombo, nikisuka nywele za Sekela, nikiwa kanisani. Kila nilipolifikiria nilipata nafuu.

*

Siku yenyewe ilikuwa na manyunyu. Wageni walikaa chini ya turubai upande wa mstari mweupe: walimu, wazazi, waandishi wa habari, mwakilishi wa mkuu wa mkoa. Niliwaalika pia ndugu wa wale wanawake wawili, nikamweka mama mkwe kiti cha pembeni yao. Hawakusogea, kwa sababu viti vilikuwa vimefungwa pamoja.

Nilipanda mnarani. Kutoka kule naona pande zote mbili za tuta, wageni wanaona upande mmoja tu. Matawi niliyatandaza mwenyewe asubuhi, mengi, mabichi, kabla ya kona. Tulitumia lori, maana likipakiwa ndilo lenye uzito wa basi lililojaa. Lilikuwa juu kabisa, tupu, linanguruma. Nyalusi alikuwa amevaa shati jeupe na kipaza sauti kidogo kifuani. Alisema maneno machache kuhusu usalama wa watoto wetu, akaenda kwenye mstari, akaweka mikono nyuma. Nikapandisha bendera.

Lori liliteremka. Lilifika kwenye matawi. Halikupunguza hata chembe.

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe na moyo wangu ulikuwa umetulia kabisa. Nilimwangalia Nyalusi, kwa sababu nilitaka kuuona uso wake atakapoanza kuogopa. Nimeona watu wengi wakisimama kwenye mstari ule. Anayejua mkono una kasoro anapinda magoti, anahesabu hatua za kukimbilia, shingo inakaza. Nyalusi alikuwa anarekebisha kola yake. Alimgeukia mtoto mmoja wa shule, akamkonyeza.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hajui.

Obedi alimwambia, ni kweli, lakini koridoni, na Nyalusi hupita koridoni na simu sikioni. Maneno yaliingia yakatoka. Alisema sawa, endelea, kama anavyosema kwa mtu anayemuuliza kama alete chai. Mume wangu alikufa kwa sababu mtu mmoja hakusikiliza sentensi moja. Nilikuwa nimemlimbikizia mwovu chuki kwa miezi yote ile, na pale chini alisimama mzembe mwenye kola safi.

Na bado nilimchukia. Nilimchukia zaidi. Mwovu angalau angekuwa amembeba Lugano moyoni mwake, hata kwa ubaya. Huyu hakumbeba popote. Nikaona jinsi atakavyokufa: ghafla, akiwa anatabasamu, akiwa na hakika kwamba yeye ni mtu mwema, na baada ya mwezi stendi ya mabasi ingepewa jina lake. Hakuna kisasi cha namna hiyo duniani.

Nikabonyeza. Asije mtu akanisifu kwa huruma. Nilibonyeza kwa sababu nilimtaka ajue.

Lori lilikaza magurudumu yote kwa pamoja, likatokeza nyuma ya tuta kwa ubavu, likiserereka, likasimama karibu naye kiasi kwamba alinyoosha kiganja akakiweka juu ya bampa. Kisha turubai zima likalipuka kwa makofi na vigelegele, na Nyalusi akawageukia wageni wake, akatanua mikono.

Nilisikia vigelegele vile nikaelewa nilichofanya. Mbele ya macho ya mkoa mzima, mkono ulikuwa umesoma matawi. Mume wangu alikuwa amehukumiwa mara ya pili, na safari hii kidole kilikuwa changu.

*

Nilishuka. Jasho lilikuwa linamtiririka Nyalusi na alikuwa na furaha ya kweli. Aliniambia kwa upole kwamba sasa nimeona, mkono ni mzima, tuumalize mjadala huu. Nikamwomba azime kipaza sauti chake, anisindikize hatua chache nyuma ya tuta wakati lori la mzigo linaandaliwa. Alikubali. Mtu aliyeshinda huwa hana haraka.

Nyuma ya tuta hapakuwa na mtu. Nikamwonyesha barabara, sikusema neno.

Nyalusi hakuzaliwa mkurugenzi. Alikuwa mkaguzi kwa miaka kabla ya kupanda, na alisimama pale manyunyu yakimwangukia akaisoma lami. Matawi yalikuwa yamesagwa. Baada ya matawi hapakuwa na kitu, lami safi tupu, alama ya breki hata moja hakuna. Halafu mbele kabisa, karibu na kona, mistari minne myeusi ilianza ghafla, ile inayoachwa na kitufe tu, kwa sababu mkono wa mtu haukazi magurudumu yote namna ile. Aliitazama mistari. Akarudi kutazama matawi.

"Ni wewe uliyelisimamisha," alisema.

"Ni mimi."

"Ulichelewa."

"Nilichelewa kwa makusudi."

Alishika tuta kwa mkono mmoja. Nikamweleza yote kwa sentensi fupi: Obedi, koridoni, kusitasita, matawi. Nilimwambia taratibu ili safari hii asikie. Nilimwona akimkumbuka Obedi, akiikumbuka ile siku, na mwisho, baada ya miezi yote ile, nilimwona akimkumbuka Lugano. Nilikuwa nimekusudia kuufurahia uso ule, na niliufurahia.

Kisha akawa mkurugenzi tena. Aliongea haraka, kwa sauti ya chini. Alisema atamrudisha Obedi kesho, matawi yatarudishwa kimyakimya, watoto watakuwa salama, na hakuna atakayejua. Nilichotakiwa kufanya ni kubonyeza mara ya pili kama nilivyobonyeza mara ya kwanza, mapema kidogo. Lilikuwa pendekezo la maana, sitadanganya. Watoto wangekuwa salama kweli.

"Na Lugano?" nikamuuliza.

"Lugano ameshakufa, Mama Sekela. Yeye hasumbuki tena."

"Mama yake hajafa. Amekaa pale chini ya turubai."

Upande wa pili mpiga tarumbeta wa shule alikuwa anajaribu sauti. Nikamwambia lori la mzigo liko tayari, akasimame.

"Utabonyeza?" aliuliza.

"Kasimame uone."

*

Alirudi kwa wageni kabla yangu. Walimpigia makofi tena, na nadhani makofi ndiyo yaliyomsukuma mpaka kwenye mstari, maana miguu yake ilikuwa haitaki. Mwakilishi wa mkuu wa mkoa alimwashia kipaza sauti kwa mkono wake mwenyewe, ili wananchi wasikie kila kitu. Mimi nilipanda ngazi bila haraka.

Juu kule lori lilikuwa limejaa mawe mpaka kingo. Nyalusi aliweka mikono nyuma, akaitoa, akairudisha. Akainua macho mnarani. Kitufe kilikuwa juu ya meza nyuma yangu. Nilisogea mbele mpaka kwenye reli, nikaishika kwa mikono yote miwili, vidole vimetawanyika, avione vyote kumi na aone kwamba mikono haina kitu. Tukatazamana hivyo. Bendera ilikuwa bado haijapanda, na mtu wa bendera alikuwa ananisubiri mimi.

Nikaitikia kwa kichwa. Bendera ikaanza kupanda.

"Hapana," Nyalusi alisema, na vipaza sauti vya uwanja mzima vikasema hapana pamoja naye. Alitoka kwenye mstari. Alipiga hatua moja pembeni, akakaa chini kwenye lami ya mvua na shati lake jeupe. Mtu wa bendera aliishusha, lori likabaki juu likinguruma.

Walimu walidhani ameugua. Walimkimbilia, akawafukuza kwa mkono.

"Haliwezi kusimama," alisema. "Mkono hausomi matawi. Tuliyatoa. Mimi ndiye niliyeagiza." Alivuta pumzi, na pumzi nayo ikasikika uwanja mzima. "Hata lile la Nyelele halikuyasoma."

Nilimwona yule shemeji wa marehemu, yule wa mate, akigeuza shingo taratibu kumtazama mama mkwe wangu kwenye kiti cha pembeni. Mama mkwe hakumtazama. Alikuwa anamtazama Nyalusi pale chini, na midomo yake ilikuwa inasema kitu ambacho sikukisikia kutoka mnarani. Baadaye aliniambia alikuwa anaita jina la mwanaye tu. Yule shemeji alikuja akapiga magoti mbele yake, na wanawake wa familia yake wakafuata, wakaanza kulia kilio ambacho Lugano hakukipata siku ya kuzikwa kwake.

*

Mkono ulifungiwa siku ileile. Malori yalisimama Nyelele mpaka Obedi aliporudishwa na matawi yakarejeshwa, na niliyesimama mbele yake mara zote mbili ni mimi. Meza za sokoni zilirudi zilipokuwa. Nyalusi alishtakiwa kwa uzembe, akafungwa kidogo, akatoka. Hakukata rufaa. Wapo wanaosema alionewa, kwamba mtu aliyesema ukweli hadharani vile alistahili kusamehewa. Mimi sikumsamehe na sina mpango huo.

Alikuja nyumbani mara ya kwanza baada ya kutoka gerezani. Nilidhani amekuja kuomba radhi, na kweli aliomba, lakini haikuwa shida yake kubwa. Alikuwa amekonda, macho yameingia ndani. Aliniambia hapati usingizi. Akifumba macho anajiona yuko kwenye mstari, bendera imepanda, lori limeachiwa, na hajui mwisho wake. Ameshauota mwisho wa kila namna. Alisema akijua nilikuwa nimeamua kumwua, ataweza kunichukia, na akijua ningebonyeza, ataweza kunishukuru, na kwa vyovyote vile atapumzika. Aliuliza akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili.

"Niambie tu, Mama Sekela. Ungebonyeza?"

Mimi najua. Nilijua nikiwa pale juu, mikono yangu ikiwa kwenye reli, na sijawahi kubadilisha mawazo tangu siku ile. Nilimuuliza kama sukari inatosha.

Anakuja bado. Kila baada ya muda namwona anafungua geti, amezeeka zaidi ya safari iliyopita, na swali lake ni lilelile. Namkaribisha kama mgeni yeyote. Kiti nampa. Chai nampa. Jibu simpi.